SOMO LETU: KUCHAGUA SKRINI YA KOMPYUTA NA VYOMBO VYA KUHIFADHIA NAKALA ZA HESABU ZA CHAMA



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hili limekuwa taa ya ushirika nchini mwetu tangu siku za mwanzo, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda KNCU mwaka 1933, na limebaki kuwa taa hadi leo. Lililobadilika ni sura ya daftari. Vyama vingi vya msingi sasa vina kompyuta ofisini. Vingine huandika humo leja za wanachama, vingine huingiza taarifa zao katika MUVU, ule mfumo wa usimamizi wa vyama ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vingine hufanya yote mawili. Lakini daftari likiwa la karatasi au la umeme, methali ni ileile.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili ambayo kamati nyingi huyafikiria mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kwisha. La kwanza ni skrini, yaani kile kioo tunachosomea hesabu. La pili ni vyombo vya kuhifadhia nakala ya akiba, ili siku kompyuta inapokufa, kuibwa au kuungua, hesabu za wanachama zisife pamoja nayo.

1. KISA CHA KUJIFUNZIA

Miaka michache iliyopita nilitumwa kukagua chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa. Sitakitaja jina, kwa kuwa nia yangu ni kufundisha, wala si kuaibisha. Malipo ya awali yalikuwa yamekwisha tolewa, na wanachama walikuwa wakingojea malipo ya pili. Usiku mmoja wezi walivunja ofisi wakachukua kompyuta na kila kilichokuwa mezani.

Katibu wa chama kile alikuwa mtu mwaminifu. Kila Jumamosi alinakili hesabu zote katika flashi, kama alivyofundishwa. Lakini flashi ile aliiweka katika mtoto wa meza ileile iliyobeba kompyuta. Wezi waliokuja kwa ajili ya kompyuta waliichukua na flashi. Nakala ilikuwapo, lakini ilikaa mahali pamoja na asili yake, na kwa hiyo haikuwa kinga ya lolote.

Ilitubidi kuanza upya. Kwa muda wa wiki tisa tulikusanya stakabadhi za wakulima na karatasi za mizani, tukazilinganisha moja moja. Bibi mmoja alifungua fundo la kanga, akatoa stakabadhi zake zote 31, safi kama siku alipopewa. Hesabu yake ilikamilika asubuhi ileile. Jirani yake hakuwa na bahati hiyo, kwa kuwa stakabadhi zake ziliharibiwa na mvua. Yeye alilipwa kwa kukadiria kutokana na karatasi za mizani zilizosalia, na hata leo hana hakika kwamba alipata haki yake. Nami niliyeisimamia kazi ile siwezi kumwapia kwamba aliipata.

Katika kupekua karatasi zile tuligundua na kosa la pili, la msimu uliotangulia. Wanachama 17 walikuwa wamekatwa deni la pembejeo mara mbili. Hakuna aliyeiba. Skrini ya chama ilikuwa ndogo, yenye mwanga hafifu, na jedwali la malipo lilikuwa na safu kumi na mbili. Skrini ilionyesha safu kumi tu. Safu ya kumi na moja, yenye makato yaliyokwisha fanywa, ilikuwa nje ya kioo, na karani hakuiona alipoandika makato mengine katika safu iliyokuwa mbele ya macho yake.

Hasara zote mbili zilitokana na vifaa ambavyo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kahawa ya msimu mmoja. Basi tuviangalie kimoja kimoja.

2. SKRINI NI DIRISHA LA DAFTARI

Mtu anapokwenda dukani, muuzaji humtajia mambo mengi kwa haraka. Yanayomhusu katibu wa chama ni machache.

(a) Ukubwa. Skrini hupimwa kwa inchi, kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, kwa mshazari. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo skrini ya inchi 24 ina mshazari wa sentimita 61 hivi. Na kwa umbo pana la siku hizi, upana wake ni kama sentimita 53 na kimo chake sentimita 30. Kwa kazi ya leja, ukubwa wa inchi 22 hadi 24 unatosha. Ikiwa chama kinatumia kompyuta ya mapajani, yaani laptopu, si lazima kununua kompyuta mpya. Aghalabu inawezekana kuiunganisha na skrini kubwa, na karani akapata nafuu mara moja.

(b) Idadi ya nukta. Picha yote tunayoiona imeundwa kwa nukta ndogo ndogo. Skrini nyingi za bei ya chini zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 1,049,088. Skrini ya kiwango cha 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, karibu maradufu. Faida yake kwa mtunza hesabu ni dhahiri. Mahali palipoonekana safu kumi za jedwali, sasa huonekana safu kumi na nne zenye idadi ileile ya nukta. Karani wa chama nilichokisimulia angeliziona safu zote kumi na mbili, na wale wanachama 17 wasingelikatwa mara mbili.

Angalieni pia kwamba ukubwa na nukta ni mambo mawili tofauti. Skrini kubwa yenye nukta chache huonyesha yale yale, ila kwa herufi nene zaidi. Skrini ya inchi 27 yenye nukta 1920 kwa 1080 haionyeshi safu hata moja zaidi ya ile ya inchi 24 yenye nukta hizo hizo. Kwa katibu ambaye macho yake yamechoka, herufi nene ni msaada. Nami mwenyewe, niliyeanza kuvaa miwani, nasema hivi kwa kujua. Bali mnunuzi ajue anacholipia.

(c) Aina ya kioo. Katika maandishi ya kifaa mtaona herufi IPS, VA au TN. Kioo cha TN kikitazamwa kutoka upande, aghalabu rangi hufifia au hugeuka. Kioo cha IPS husomeka vema hata mtu akiwa kando. Kwa ofisi ya ushirika jambo hili si anasa. Mwanachama anapokuja kuuliza hesabu yake, ni haki yake kusimama kando ya katibu na kuiona kwa macho yake. VA hukaa kati ya hizo mbili kwa kutazamwa kutoka kando, na ina weusi mzuri. Mkipata IPS kwa bei inayolingana, chukueni hiyo.

(d) Uso wa kioo na mwanga. Chagueni uso usiong'aa. Kioo king'aacho hupendeza dukani, lakini ofisini hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia, na mwanga wa dirisha hufunika tarakimu. Hakikisheni vilevile kuwa mwanga waweza kuongezwa na kupunguzwa kwa urahisi.

(e) Matundu ya waya. Kompyuta za zamani hutoa picha kwa tundu la VGA, lenye vishimo kumi na vitano. Za siku hizi hutumia HDMI au DisplayPort. Kabla ya kwenda dukani, geuzeni kompyuta mtazame nyuma yake, kisha andikeni tundu mlilonalo. Vyama vingi vimerudi nyumbani na skrini nzuri na waya usioingia popote.

(f) Umeme. Skrini bapa ya inchi 24 aghalabu hutumia wati 15 hadi 25. Zile skrini nene za zamani, zenye chombo cha kioo kama televisheni ya kale, zilitumia mara tatu au nne zaidi. Tuseme skrini mpya yatumia wati 20 na ya zamani wati 80. Kwa saa nane za kazi, ya kwanza itakula uniti 0.16 na ya pili uniti 0.64. Kwa chama kinachotumia umeme wa jua, tofauti hiyo ndiyo mpaka kati ya kumaliza kazi na kuzimika saa tisa alasiri.

(g) Yasiyowahusu. Muuzaji atasifu kasi ya hezi 144, na muda wa kuitika wa milisekunde moja, na kioo kilichopinda. Hayo ni ya wacheza michezo ya kompyuta. Leja haikimbii. Kasi ya hezi 60 inatosha kabisa. Wala nukta milioni nane za kiwango kiitwacho 4K hazihitajiki kwa hesabu za chama cha msingi. Kwenye skrini ya inchi 24 herufi zitakuwa ndogo mno mpaka zikuzwe, na zikikuzwa faida ya nafasi imekwisha.

Mahali pa kuiweka. Skrini nzuri ikiwekwa vibaya ni kama taa iliyofunikwa kwa pishi. Isiwekwe mbele ya dirisha wala mkabala na dirisha. Dirisha liwe ubavuni. Iwe mbali na macho kwa sentimita 50 hadi 70, takriban urefu wa mkono ulionyoshwa. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho, au chini yake kidogo. Kila baada ya dakika 20, karani ainue macho atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Siku za kufunga hesabu, pumziko hilo dogo huokoa macho, na mara nyingi huokoa na tarakimu.

3. NAKALA YA AKIBA NI NINI, NA SI NINI

Nakala ya akiba ni nakala kamili ya hesabu, iliyo katika chombo kingine, mahali pengine, ambayo imekwisha jaribiwa na ikaonekana kuwa inasomeka. Yakikosekana haya, nakala haijakamilika.

Kunakili faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile si akiba. Diski ikifa, zote mbili zimekufa. Kuacha diski ya nje ikining'inia kwenye kompyuta usiku na mchana si akiba ya kutegemewa. Mwizi, radi na kirusi vitapata vyote kwa pamoja. Hata lile sanduku la diski mbili zinazonakiliana zenyewe, ambalo wauzaji hulisifu sana, peke yake si akiba. Linafaa diski moja ikiharibika. Lakini karani akifuta leja kwa bahati mbaya, diski zote mbili zitaifuta papo hapo, kwa utii uleule.

Somo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa na kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark. Tarehe 27 Juni 2017, kirusi kilichoitwa NotPetya, kilichosambazwa kwa kupitia programu ya hesabu iliyotumika Ukraine, kiliingia katika mtandao wa kampuni hiyo na kuharibu maelfu ya kompyuta. Kompyuta zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zimepangwa kunakiliana zenyewe kwa zenyewe duniani kote, kila moja ikihesabiwa kuwa akiba ya mwenzake. Zote zilifutwa. Ilisalimika moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na kompyuta ile haikuwa mtandaoni. Taarifa zake zilichukuliwa kwa mkono, zikapitishwa Nigeria, zikafikishwa Uingereza, na kutokana nazo mtandao ukajengwa upya. Kampuni ilikadiria hasara ya dola za Marekani milioni 250 hadi 300. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imetengwa, nayo ilitengwa kwa bahati. Sisi tuitenge kwa makusudi.

4. VYOMBO VINAVYOPATIKANA

Flashi. Ni nyepesi, rahisi na hubebeka. Inafaa kusafirisha faili kutoka chama hadi chama kikuu. Haifai kuwa hazina ya pekee, kwa kuwa hupotea kwa urahisi, hupitishwa katika kompyuta za watu wengi na kuokota virusi, na hufa ghafla. Jihadharini hasa na flashi za bandia. Chombo huandikwa kuwa na nafasi kubwa sana, nacho ndani kina kidogo tu. Kompyuta hudanganywa, kazi huonekana kuingia, kumbe zinazoingia zinazifuta zilizotangulia. Dawa yake ni kukijaza chombo chote siku ya kukinunua na kukisoma upya; ipo programu ya bure iitwayo H2testw ifanyayo kazi hiyo.

Diski ngumu ya nje. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kikielea juu yake kwa nafasi nyembamba mno. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 na iliweza kubeba herufi milioni tano tu. Leo diski inayoingia mfukoni hubeba mamia ya maelfu ya kiasi hicho. Ni chombo cha bei nafuu kwa nafasi kinachotoa, na chafaa kwa vyama vingi. Udhaifu wake ni kuanguka na kutikiswa, hasa ikiwa inazunguka. Isiinuliwe mpaka imesimama, wala isichomolewe kabla ya kuiamuru kompyuta iiachie. Kwa vyama vyetu chagueni ya inchi 2.5, ambayo hupata umeme kwa waya wa kompyuta yenyewe. Ya inchi 3.5 huhitaji umeme wa ukutani.

Diski isiyozunguka, iitwayo SSD. Haina kitu kinachotembea ndani yake, na kwa hiyo huvumilia barabara zetu mbovu kuliko ile ya sahani. Ni ya kasi zaidi na ni ghali zaidi kwa nafasi ileile. Inafaa sana ndani ya kompyuta ya kazi, na kwa nakala inayosafirishwa mara kwa mara. Haifai kufungiwa kabatini miaka mingi bila umeme, kwa kuwa chaji inayoshikilia maandishi yake hupungua polepole.

DVD. Sahani moja ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Ile inayoandikwa mara moja tu ina sifa moja njema: ikishaandikwa, kirusi hakiwezi kuibadili. Inafaa kufungia hesabu za mwaka zilizokwisha kaguliwa. Lakini kompyuta nyingi mpya hazina mlango wake, hivyo hakikisheni kuwa kisomeo kipo.

Wingu. Hii ni nafasi katika kompyuta za kampuni nyingine, inayofikiwa kwa intaneti. Faida yake ni kuwa moto wa ofisini kwenu haufiki huko. Lakini na huko moto upo. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kompyuta la kampuni ya OVHcloud liliungua katika mji wa Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kazi zao. Kwa hiyo wingu ni nakala mojawapo, si nakala ya pekee. Akaunti iwe ya chama, na neno lake la siri lijulikane na viongozi zaidi ya mmoja, lihifadhiwe katika bahasha iliyofungwa. Katibu akihama au akifariki, hesabu za wanachama zisiondoke naye.

5. NAFASI KIASI GANI?

Hapa ndipo vyama hupoteza fedha kwa kununua kikubwa kimoja badala ya vidogo kadhaa. Tufanye hesabu.

Tuseme chama kina wanachama 1,200, na kila mmoja huleta mazao mara 40 kwa msimu. Hizo ni stakabadhi 48,000. Kila stakabadhi ikichukua kilobaiti moja katika kompyuta, jumla ni kilobaiti 48,000, yaani megabaiti 48. Misimu ishirini haifiki hata gigabaiti moja. Tuongeze picha za kurasa za kumbukumbu, hati za malipo na mihutasari ya mikutano. Tuseme kurasa 20,000, kila moja megabaiti moja. Hizo ni gigabaiti 20. Jumla yote ni pungufu ya gigabaiti 21. Na terabaiti moja ni gigabaiti 1,000.

Maana yake ni kwamba diski ya terabaiti moja, au hata nusu yake, itabeba hesabu zote za chama na kubaki karibu tupu. Ni afadhali diski tatu ndogo zilizowekwa mahali patatu kuliko diski moja kubwa iliyowekwa mahali pamoja. Tunachokinunua hapa ni umbali kati ya nakala na nakala, si wingi wa nafasi.

6. KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Mafundi wa kompyuta wana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, nayo ni rahisi kukumbuka. Nakala ziwe TATU, ile ya kazi ikihesabiwa. Ziwe katika aina MBILI za vyombo. Na MOJA iwe nje ya jengo. Kwa chama cha msingi kanuni hiyo yaweza kutekelezwa hivi:

Nakala ya kwanza ni kompyuta yenyewe, yenye kulindwa na UPS, ili umeme ukikatika karani apate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Nakala ya pili ni diski A na diski B, zinazopokezana wiki kwa wiki. Ijumaa moja hutumika A, Ijumaa ifuatayo B. Wakati A ipo ofisini ndani ya sefu, B ipo nje, katika ofisi ya chama kikuu au mahali pengine palipoidhinishwa na Bodi.

Nakala ya tatu ni wingu au DVD. Na pasipo na intaneti ya kutegemewa, diski C ya SSD inayoandikwa mwisho wa mwezi na kukabidhiwa chama kikuu.

Diski zihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana, mbali na vumbi, unyevu na jua. Baada ya miaka mitano hivi zibadilishwe, hata kama bado zinafanya kazi. Vilevile zisimbwe, yaani zifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa zina majina, madeni na namba za akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa hizo.

7. UTARATIBU WA KUNUNUA NA KUTUNZA

Matumizi yaingizwe katika makisio na kupitishwa na Mkutano Mkuu. Kisha ombeni bei kwa wauzaji watatu, kwa maandishi yaleyale, ili bei zilinganishwe kwa haki. Maandishi yaweza kuwa hivi:

"Skrini moja, inchi 22 hadi 24, nukta 1920 kwa 1080, kioo cha IPS, uso usiong'aa, tundu la HDMI (na VGA ikiwa kompyuta yetu ni ya zamani), waya wake, dhamana ya maandishi. Diski mbili za nje, inchi 2.5, terabaiti moja kila moja, waya wa USB 3.0, dhamana ya maandishi."

Siku ya kupokea, washeni skrini dukani, mtazame kama ina nukta zilizokufa. Jazeni kila diski na kuisoma. Andikeni namba ya kila kifaa katika daftari la mali za chama, na risiti iwekwe katika jalada.

Mwisho, fungueni Daftari la Nakala, la karatasi. Liwe na safu tano: tarehe, jina la diski, aliyenakili, aliyepokea, na mahali ilipowekwa. Aliyenakili na aliyepokea wasiwe mtu mmoja. Na kila baada ya miezi mitatu, mbele ya mjumbe wa Bodi, fungueni nakala katika kompyuta nyingine, mchague wanachama watano kwa kubahatisha, mlinganishe hesabu zao na stakabadhi. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni kama ghala ambalo hakuna aliyechungulia ndani; huenda mna mahindi, huenda mna fukusi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Ofisi yetu ikiungua usiku huu, hesabu za wanachama zitapatikana wapi kesho asubuhi? Nani ana ufunguo?

2. Jedwali letu la malipo lina safu ngapi, na skrini yetu inaonyesha ngapi kwa mara moja?

3. Ni lini mara ya mwisho nakala yetu ilifunguliwa na kulinganishwa na stakabadhi?

4. Katibu akiondoka leo, ni kiongozi gani mwingine anayejua mahali neno la siri lilipohifadhiwa?

Ndugu Wanachama, vifaa vyote tulivyovitaja ni vya dukani na huchakaa. Haki ya mkulima haiuzwi dukani, na ikipotea hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo nanyi msitupe stakabadhi zenu kwa kuwa chama kina kompyuta. Yule bibi mwenye fundo la kanga alikuwa ameiweka nakala yake nje ya jengo, katika chombo cha aina nyingine, tena ilisomeka siku ilipohitajiwa. Kanuni aliitimiza yote bila kuifundishwa. Chama kisishindwe na kanga.